Boti Yenye Mashine na Boti Yenye Sakafu

Mama mkwe aliniambia nimwachishe mwanangu ziwa siku ya Jumanne, na Jumatano nikaenda kutazama boti nikiwa na hasira mpaka kwenye nywele. Watu wa nyumbani waliona mambo hayo mawili hayahusiani. Ziwa ni ziwa, boti ni boti. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuwa ni jambo moja, na kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu. Nilikaa nalo kifuani, nikanuna, nikangoja watu walijue wenyewe.

Naishi Kisiwa Panza na kazi yangu ni mwani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na wako watu wakisikia hivyo hunitazama kama nimepotea njia nilipokuwa natoka shule. Sikupotea. Nimefunga mwani na mama yangu tangu sijajua kuandika jina langu, mwani ndio ulioezeka bati chumba ninacholala, na mtu asinionee huruma.

Zamani ilikuwa kazi ya maji ya magotini. Bamvu likifika, zile siku za mwezi ambazo maji hupwa mpaka bahari inakuwa kiwanja, tulikuwa tunakwenda shambani kwa miguu. Tunavuna, tunafunga mbegu, tunarudi maji yakianza kujaa. Mtoto unamwacha nyumbani. Akilia, mtu anakuja ufukweni anakupungia kanga, unatoka, unanyonyesha, unarudi kwenye kamba zako. Lakini maji ya karibu siku hizi yana moto kama maji ya kumkandia mzazi. Mwani unapauka, unakuwa mweupe, ukiugusa unakatika. Tulivuna uchafu misimu miwili. Basi kikundi chetu, wanawake tisa, tukahamisha shamba tukalipeleka kwenye maji makubwa, ambako hata bahari ipwe vipi maji hayashuki chini ya kifua. Huko mwani ulistawi mpaka kamba zikawa nene kama mikono ya bibi harusi aliyelishwa vizuri. Ila huko hakuendeki kwa miguu, na kanga ikipungwa ufukweni huioni.

Tulikuwa tunaazima mtumbwi wa watu wawili, tunapanda wanne, na mwani mbichi juu yetu. Siku moja ukapinduka. Mwenzetu mmoja tulimvuta kwa mtandio wake, akatapika maji tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mavuno yote yakaenda. Mtoto mchanga huwezi kumpakia kwenye mtumbwi kama ule. Nikitoka, nakaa huko saa sita nzima.

Binti yangu wa pili alikuwa na miezi saba. Kikombe hataki, chupa hataki, uji anautema kwa makusudi huku anakutazama usoni. Nikirudi pwani gauni limelowa maziwa mpaka tumboni, na yeye sauti imemkauka kwa kulia. Mama mkwe ndiye anayebaki naye. Ni mtu mwema, lakini ana miaka yake na ana mgongo wake. Jumanne ile alinipokea mlangoni, mtoto begani, akasema:

"Mwanangu, huyu mwachishe. Paka chuchu shubiri, siku tatu atasahau."

"Mama, ana miezi saba tu."

"Wangu wa nne nilimwachisha ana sita. Ndo huyo mumeo. Ana nini?"

Nilikuwa na orodha ndefu ya alicho nacho, lakini ni mama yake. Nikamchukua mwanangu nikaingia ndani. Kitabu kimesema miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Mimi nataka kutimiza. Wa kwanza nilitimiza, wakati shamba liko karibu. Huyu wa pili amekosa nini hata apakiwe uchungu kwa sababu bahari imepata homa?

Sasa hapo ndipo boti inapoingia. Kikundi chetu kilikuwa na akiba ya kutosha chombo kimoja, na tulishakubaliana kuwa kiwe cha chini bapa, sakafu iliyokalishwa juu ya maboya mawili marefu, siyo chombo chenye mkuku, ule uti wa chini. Chombo chenye mkuku maji yakipwa kinalala ubavu kama mlevi na kumwaga mwani wote mchangani. Bapa kinakaa palepale kama jamvi. Hilo hatukubishana. Tulibishana kipya au cha mtumba.

Hoteli moja ndogo ng'ambo ya pili ilikuwa inafunga biashara na inauza boti yake ya namna hiyo, pamoja na mashine yake, unalipa leo unaondoka nayo leo. Na kule Mkoani kulikuwa na fundi anayeunda mpya. Kwa bei ileile ya hoteli alikuwa tayari kutupa boti bila mashine, na alisema miezi mitatu. Wenzangu walipima mengi. Mimi nilipima moja: ya mtumba, mwanangu analala sakafuni chini ya kivuli, ananyonya baharini; mpya, miezi mitatu, shubiri. Kwa hiyo nilikuwa wa mtumba, na nilikuwa wa mtumba kwa sauti kubwa.

Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa wa mpya. "Cha mtumba nguo," alisema. "Nguo ukiona haifai unaivua. Chombo utakivulia wapi?"

Na wanaume nao? Hakuna aliyewaita. Lakini mume wangu na kaka yake waliposikia neno mashine, Jumatano asubuhi wakawa tayari wamekaa kwenye boti yao, wamevaa kofia safi, watupeleke mimi na Bi Mkubwa "wakaikague." Wanikagulie nini, mimi sina macho? Nilimwambia mume wangu hivyo. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi zaidi: "Mama watoto, mambo ya vyombo tuachie siye. Nyie mwani, siye vyombo."

Nikambeba mwanangu kwa mbeleko, nikapanda, sikusema naye mpaka tulipofika.

Tulifika saa nne asubuhi, maji yamejaa. Wao ndio waliochagua siku na saa. Mvuvi akenda kununua chombo hukitaka kikielea, akione kinavyokaa majini, na mimi sikuliona kosa hilo wakati ule. Boti ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Maboya mawili ya bati nene kama mabomba makubwa, yamepakwa rangi ya buluu, sakafu ya mbao imenyooka, vyuma vya kushikia pande zote, na juu turubai la kivuli. Msimamizi wa hoteli, mtu mnene mwenye mikono laini, alikuwa anaipapasa kama ng'ombe wa maziwa.

"Hii imebeba wageni wa kuzamia tu," alisema. "Haijabeba hata kuku."

"Na mwani je?" akauliza Bi Mkubwa.

"Mwani ni nini, mama? Majani. Itabeba."

Bi Mkubwa alimtazama kwa namna ya mtu anayeweka kitu kando akitumie baadaye.

Wanaume walikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye mashine. Mume wangu alivuta kamba mara moja tu, ikaitika. Wallahi walicheka wote wawili kama waliopata watoto pacha. Shemeji yangu akasema, "Yakhe, sikia! Inanguruma kama mama mkwe." Wakatupakia, wakaizungusha kwenye ghuba kwa kasi, mtandio wangu unataka kuniacha, mwanangu kafumba macho. Mume wangu akanipigia kelele kutoka nyuma, "Umeona mbio hizo?"

Nikampigia kelele, "Tunamfukuza nani? Mwani haukimbii!"

Lakini moyoni nilikuwa nimekwishakubali. Ingurume, iende mbio, mradi ina sakafu.

Adhuhuri wakaenda msikitini, kisha msimamizi akawakaribisha chakula, na baada ya chakula wakalaza mbavu. Bi Mkubwa alikuwa na jamaa yake kijijini, akaenda kumjulia hali. Mimi nilisema nabaki, mtoto anataka kunyonya. Boti ilikuwa imefungwa kandokando ya ufukwe, na maji yalikuwa yanapwa. Nikapanda, nikakaa sakafuni chini ya turubai, nikaegemea chuma, nikamtoa mwanangu.

Nataka niyaandike vizuri mapumziko yale, kwa sababu sikuwa nimepumzika hivyo tangu nimzae. Upepo ulikuwa unapita pande zote nne. Boti ilikaa juu ya mchanga polepole, bila kuyumba, kama mtu anayejishusha kwenye kiti. Mwanangu alinyonya, akaacha akatazama turubai, akanyonya tena, akalala na tone la maziwa kwenye kidevu. Nilimlaza kwenye mbao. Mbao zilikuwa na joto zuri. Nikasema, alhamdulillahi, chombo chetu ni hiki, na shubiri mama mkwe ataipaka mwenyewe.

Ndipo nikasikia tone. Kisha tone jingine.

Nilidhani ni turubai. Nikashuka. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, mchanga wote umekauka na kuwa mweupe, lakini chini ya boya la kushoto, upande wa nyuma, palikuwa na mfereji mdogo unaotiririka mpaka kwenye kidimbwi, na kaa wawili wamekwishafika. Nikainama. Kwenye mshono wa bati palikuwa na tundu dogo kama la sindano ya kushonea magunia, na pale rangi ya buluu ilikuwa mpya kuliko rangi ya kwingine. Nikagonga boya la kulia kwa kifundo cha kidole, kama unavyogonga nazi sokoni. Likalia wazi, tupu kama debe. Nikagonga la kushoto. Mbele tupu. Nyuma zito, butu, limeshiba.

Likielea linakunywa, likikaa mchangani linatapika. Mtu akija maji yamejaa hataona kitu maisha yake yote.

Sasa niseme ukweli, maana hakuna aliyeniona. Nilichota mchanga wa majimaji nikaliziba lile tundu kwa kidole gumba. Nikasawazisha. Mtiririko ukasita. Nikajiambia, tundu la sindano tu, tutalichomelea wenyewe baadaye, boti iko leo, miezi mitatu ni miezi mitatu. Nikasimama. Na macho yangu nikiwa nimesimama yalikuwa sawa kabisa na usawa wa sakafu, na juu ya sakafu alikuwapo mwanangu, amelala chali, mikono ameitupa juu kama mtu aliyesalimu amri.

Sakafu hiyohiyo ndiyo ningemlaza. Kwenye maji makubwa. Na magunia ya mwani mbichi, yanayozidi uzito wa wageni wa kuzamia.

Niliutoa ule mchanga kwa ukucha. Nikaona maji yameanza tena kutoka, nikatukana tusi ambalo sitaliandika hapa, nikapanda nikakaa karibu na mwanangu kuwangoja.

Walirudi karibu na alasiri, wamenenepa kwa pilau. Nikawaambia, "Njooni mtazame mambo ya vyombo."

Msimamizi aliinama, akainuka haraka. "Jasho hilo, bibie. Bati likipigwa jua hutoa jasho."

Shemeji yangu akachovya kidole, akaonja. "Kweli jasho," akasema. "Lina chumvi."

Mume wangu hakucheka. Alijaribu kuitetea. "Si tundu dogo tu? Hili tunaliziba. Lakini mashine, mama watoto, mashine ile ni nzima."

"Basi kanunue mashine ukafunge kiunoni uogelee," nikamwambia.

Bi Mkubwa alikuwa amerejea. Aligonga la kulia, akasikiliza; akagonga la kushoto, akasikiliza, mbele, katikati, nyuma. Kisha akapitisha kidole juu ya ile rangi mpya. "Aliyepaka hapa alijua," akasema, na akamwangalia msimamizi. "Haijabeba kuku, lakini imebeba siri." Akachukua viatu vyake akaenda kuchutama ufukweni kungoja maji ya kurudia.

Njiani kurudi mume wangu alinisogelea. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa kweli. "Siku zote hizi mwenye kuitaka boti ile ni wewe kuliko sote. Na wewe ndiye uliyeiua. Ulikuwa unataka nini hasa?"

Hapo nikapasuka. Mbele ya shemeji, mbele ya Bi Mkubwa, sikujali. "Nilikuwa nataka mwanangu anyonye! Basi! Miezi mitatu ya fundi mama yako atanipaka shubiri, na nikisema siendi shamba, kamba zangu zitaoza! Mashine, mashine, nani alitaka mashine?"

Mwanangu alishtuka akaanza kulia. Nikampa ziwa pale pale nikageukia bahari. Hata shemeji yangu, ambaye hakosi la kusema hata mazikoni, aliinama akakomba maji yaliyo chini ya boti.

Kisha Bi Mkubwa akasema, "Na wewe tangu lini bubu?"

"Nilidhani mnaona."

"Tunaona umenuna. Kununa kwako kila siku, tutajuaje la leo ni lipi?"

Ni kweli.

Lazima nieleze jambo la kwetu. Kila mmoja wetu ana kamba zake, na ncha ya kila kamba ina kipande cha kanga kuukuu cha mwenyewe. Changu chekundu chenye mabaka meusi. Kwenye maji makubwa unainua kamba, unaona kitambaa, unajua ya nani. Na mbegu kila mtu hufunga mwenyewe, kwa fundo lake, kwa mkono wake. Kumpa mwenzio afunge kamba zako ni kama kumpa mwenzio apike kwako siku una wageni. Haifanyiki. Mimi mwenyewe nilishawahi kumsengenya mtu kwa fundo lake.

Bi Mkubwa akasema, "Mpaka boti ije, wewe hutoki. Utakaa ufukweni kivulini na mwanao, utafunga mbegu zetu sote. Siye tutakupandia na kukuvunia zako."

"Za watu wote wanane?"

"Na fundo lako ndilo zuri, usijifanye hujui. Tunajua wawili, wewe na mie."

Basi kesho yake tukaenda kwa fundi Mkoani, mimi na yeye tu. Mume wangu alitaka kuja, nikamtazama, akakumbuka ana nyavu za kushona. Fundi akatoa karatasi yake, akauliza, "Mashine mtaweka ya farasi wangapi?"

"Baba," akasema Bi Mkubwa, "hata punda hatuna. Tuna pondo." Shamba letu si mbali, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kila mmoja wetu anaujua tangu utoto.

Fundi akaweka kalamu chini. "Hamtaki kiti cha mashine? Kwa nini hamkusema? Kinachonichelewesha ni chuma hicho, kinatoka Dar. Bila hicho, wiki tano."

Tulitazamana na Bi Mkubwa. Ile miezi mitatu yote ilikuwa ya mashine. Hakuna kati yetu aliyeitaka, na hakuna aliyekwenda kuuliza. Aliyekwenda mara ya kwanza kuulizia alikuwa mume wangu. Nilirudi nyumbani nikamweleza neno kwa neno. Akakuna kichwa. "Chombo bila mashine," akasema, "sikufikiria kama mtu anaweza kukitaka." Nilikuwa nimeandaa hasira ya siku nzima, lakini alisema kwa ukweli kabisa, nikashindwa.

Wiki zile tano nilifunga mbegu mpaka vidole vikawa na sugu. Wenzangu walileta kamba zao na vitambaa vyao, vya kijani, vya manjano, vya zambarau vilivyochakaa, na mwanangu alikaa katikati ya vitambaa akivitia mdomoni kimoja kimoja kama anayeonja vyakula vya majirani. Akilia, ziwa liko. Zangu zilikwenda na kurudi kwa mikono ya watu, na sikupoteza hata kamba moja. Mmoja aliwahi kunilalamikia kuwa nimemfungia karibu karibu mno. Nikamwambia afunge mwenyewe. Akacheka, akaniletea nyingine kesho yake.

Boti yetu siyo nzuri kama ile ya hoteli. Chini ina mapipa ya plastiki ya buluu yaliyofungwa safu mbili, kila pipa na mfuniko wake, hata moja likinywa maji mengine hayajui habari. Kila bamvu, ikikaa mchangani, tunagonga moja baada ya jingine, na anayegonga ni mimi. Juu ina turubai dogo, upande mmoja tu. Sakafu ni pana, na fundi aliipiga randa vizuri baada ya Bi Mkubwa kumrudisha mara mbili kwa ajili ya vibanzi. Watoto wa kijijini wanaiita Kitanda.

Siku ya kwanza nilimfunga mwanangu kiunoni kwa kanga, ncha ya pili kwenye mlingoti wa turubai, nikashuka majini. Nikivuna kamba mbili, naegemeza kifua kwenye ukingo wa sakafu, ananyonya mimi nikiwa bado nimesimama baharini. Tuliwahi kumchukua na mama mkwe, siku mgongo umempa ruhusa. Alikaa katikati na ukili wake akisuka, akatazama pande zote. Mwisho akasema, "Hapa hata mie nisingemwachisha yule wangu wa nne." Mume wangu, nilipomhadithia, alijifanya hakusikia.

Juzi mume wangu alikuja kuiazima, kaka yake anahama, wana kabati. Nikamwambia haina mashine. Akasema anajua. Nikamwambia basi ashike pondo, na mapipa asiyaburure kwenye mawe, na airudishe kabla ya bamvu. Alishika pondo.

Kichupa cha shubiri kiko juu ya kabati la mama mkwe, hakijafunguliwa. Mwanangu ana mwaka na miezi mitano sasa. Ana meno manane, na akikasirika anauma. Nikipiga kelele, wenzangu wanaacha kamba zao wanacheka, na Bi Mkubwa husema toka upande wa pili wa boti kwamba mtoto amemfuata mama yake.